Nemo wawili katika tangi moja: mchukue mdogo, mwache mama baharini

Wasomaji wawili wameniuliza swali moja kwa nyakati tofauti. Wanafuga samaki wa maji ya chumvi nyumbani, wanaye yule samaki wa anemoni ambaye watoto wetu wote humwita Nemo, na sasa wanataka kumtafutia mwenzake. Watajuaje kwamba wamepata dume na jike?

Ukweli ni kwamba dukani hakuna haja ya kutafuta dume wala jike. Samaki hawa wote huanza maisha wakiwa madume. Kwenye anemoni moja, yule mnyama laini wa mwambani mwenye mikono inayowasha, huishi jike mmoja ambaye ndiye mkubwa kuliko wote, mume wake anayemfuatia kwa umbo, na mara nyingi vijana kadhaa wasiozaa. Jike akifa, mume ndiye anayegeuka kuwa jike, na kijana mkubwa anapanda kushika nafasi ya mume. Hans na Simone Fricke walilieleza jambo hili katika jarida la Nature mwaka 1977, na mmoja wa samaki waliowachunguza, Amphiprion akallopisos, yuko hapa kwetu. Subhanallah. Lakini akishageuka jike harudi tena kuwa dume, na hapo ndipo wengi tunapoharibu.

Mimi niliharibu. Niliuziwa samaki wawili wakubwa, wazuri, wanaolingana, nikaambiwa ni mtu na mkewe. Kumbe wote ni majike. Siku ya tatu mmoja alikuwa amebanwa pembeni juu ya maji, mapezi yamechanika, hali. Siku ya tano nilimtoa amekufa.

Kwa hiyo nunua wadogo wawili wa aina moja, mmoja amzidi mwenzake kwa umbo waziwazi, uwatie siku moja. Aliyezidi atakuwa jike baada ya miezi kadhaa. Kama tayari una mmoja mkubwa, mletee mdogo sana kuliko yeye. Usichanganye aina. Pwani yetu tuna wawili: akallopisos, wa rangi ya machungwa hafifu mwenye mstari mwembamba mweupe mgongoni, na Amphiprion allardi, mweusi-kahawia mwenye mapezi ya manjano na mikanda miwili mipana myeupe. Huyu wa pili ni mkubwa na mkali zaidi. Nemo wa sinema ile ya mwaka 2003 si wa bahari yetu. Asili yake ni huko Thailand, Indonesia na kaskazini mwa Australia. Huyo huzalishwa sana matangini, na ndiye anayemfaa anayeanza.

Tangi lisipungue lita 100, na liwe limeshakaa wiki nne hadi sita na chujio linafanya kazi, mpaka kipimo cha amonia na nitriti kisome sufuri. Joto la nyuzi 25 hadi 27 latosha. Mombasa shida si baridi, ni joto kupanda mchana. Feni ndogo ikipuliza juu ya maji husaidia. Maji yakipungua kwa mvuke, ongeza maji baridi yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi haipai, inabaki humo humo. Anemoni si lazima. Inataka taa kali na tangi lililokomaa, na ikifa huchafua maji yote.

Siku ya kumleta mgeni, zima taa. Elekeza mfuko juu ya maji robo saa ili joto lilingane. Kisha mwage samaki na maji yake kwenye ndoo safi, uteremshe maji ya tangi tone kwa tone. Mpira wa dripu ya hospitali ni mzuri kwa kazi hii. Maji ya ndoo yakishaongezeka maradufu, mchukue samaki kwa kikombe. Maji ya mfuko usiyatie tangini.

Mwenyeji akiwa mkali, mtie mgeni kwenye kopo la plastiki lililotobolewa matundu, ulining'inize ndani ya tangi siku tatu nne waonane. Ukimfungua utaona anafukuzwa, kisha anajilaza ubavu na kutetemeka. Usiogope, hiyo ndiyo adabu yake: anasema mimi ni mdogo wako. La kuogopesha ni mapezi kuchanika, kujificha juu pembeni na kukataa chakula. Hapo watenganishe siku hiyo hiyo.

Kuna jambo ambalo wapiga mbizi wetu wanalijua. Mnunuzi hupenda samaki mkubwa, na mkubwa kwenye anemoni ndiye mama. Akitolewa, mwamba huo hukaa miezi bila mayai mpaka mume amalize kugeuka. Basi ukiagiza samaki wa bahari yetu, agiza wadogo, kwa mvuvi mwenye leseni. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizotangazwa mwaka 1968, hakitolewi kitu.

Wangu wa sasa niliwanunua wadogo, mmoja amemzidi mwenzake kwa upana wa kidole. Wanalala pembe moja chini ya jiwe, na wiki hizi naona mume analisafisha jiwe hilo kwa mdomo kila jioni, kazi wanayoifanya kabla ya kutaga.