Unabadilisha kipoza cha prosesa Lodwar ama Kakuma? Cheki hii kwanza

Mse, kama unaedit video ama una cyber huko Turkana, hesabu yako ya joto si ya Nairobi. Kipoza hakitengenezi baridi. Kinatoa joto kwa prosesa na kulisukuma kwa hewa ya chumba, basi. Sema chumba Nairobi ni nyuzi 24 na prosesa inasoma 78. Beba mashine hiyo hiyo Kakuma mchana, chumba kiwe 37, na kwa kazi ile ile itasoma kama 91. Prosesa nyingi za Intel Core hujipunguza spidi zikikaribia 100. Hapo ndio video fupi inasumbua mpaka betri ya sola inaisha.

Na kipoza cha maji si uchawi. Maji yake pia yanapozwa na hewa ya chumba. Maji moto hata Kapedo yako, na ni ya bure.

Kabla utoe doo, jua soketi yako. Kipoza cha LGA1151 kinaingia pia kwa 1155 na 1200. LGA1700 inakataa: mashimo yake yameachana milimita 78, si 75. Ukikosea, mzigo unarudi Nairobi na basi. Zile ex-UK za ofisi ndizo noma zaidi. Zingine skrubu za kipoza zinashika kesi yenyewe, na plagi ya feni si ile ya pini nne. Pima pia nafasi, kesi nyembamba haimezi kipoza kirefu.

Kufunga sasa. Washa mashine dakika chache pesti ilainike, kisha zima na uchomoe waya. Shika chuma cha kesi utoe umeme tuli. Zungusha kipoza cha zamani kidogo kabla ya kuinua; kwa AMD ya AM4 ukivuta kwa nguvu prosesa inaweza kung'oka nacho na pini zipinde. Pangusa pesti yote na spiriti. Weka mpya kiasi cha punje ya njegere. Kaza skrubu kidogo kidogo kwa msalaba, si moja mpaka mwisho. Plagi ya feni inaingia palipoandikwa CPU_FAN.

Halafu vumbi. Kila ukipuliza na blowa, zuia feni na kidole isizunguke.