Kuku wa kienyeji ana historia

Kabla Richard Kandt hajaanzisha Kigali mwaka 1907, kuku katika ufalme wa Rwanda hakuwa chakula cha wakubwa. Alikuwa wa kupigia ramli: wapfumu walipasua kifaranga, wakasoma matumbo yake, ndipo mfalme akaamua mambo kama vita.

Leo kwenye maonyesho ya kilimo pale Mulindi, kuku anayetazamwa ni Sasso wa Ufaransa, mzito kweli. Lakini huyo ni chotara. Vizazi vyake havirudi kama mama, kwa hiyo kila mara unanunua vifaranga upya. Msaada ukipunguzwa, hiyo pesa itatoka wapi?

Wa kienyeji anaatamia mwenyewe siku 21, analea. Adui yake mkubwa ni kideri, na kuna chanjo ya tone jichoni. Vijana wenzangu, hiyo mbegu tusiiache ipotee.