Zabibu na Nchi Kavu: Historia ya Divai ya Ugogo

Neno zabibu limo katika Kiswahili tangu zamani, lakini mzabibu haukuwa mti wa pwani. Katika Kiarabu, lugha ambamo neno hilo limetoka, zabib ni tunda lililokaushwa. Tunda bichi huitwa inab. Waswahili walilichukua jina la tunda kavu, wakalitumia kwa yote mawili. Sababu yake yaelekea kuwa ni tabia ya nchi. Pwani hupata mvua za masika na za vuli, na hewa yake ina unyevu karibu mwaka mzima. Mzabibu katika hali kama hiyo hushikwa na ukungu, na vichala huoza kabla ya kuiva. Kwa hiyo tunda lililojulikana masokoni aghalabu lilikuwa lile lililokwisha kauka, lililoletwa na majahazi kutoka kaskazini.

Majina ya kinywaji chenyewe yana historia ya namna hiyo hiyo. Mvinyo limetokana na neno la Kireno vinho, nao Wareno walifika pwani hii mwaka 1498. Divai limetokana na maneno ya Kifaransa du vin, nayo yalipata nguvu kwa wamisionari wa Kifaransa waliofika Unguja mwaka 1860 na kujenga Bagamoyo mwaka 1868. Maneno yote mawili yalitaja kitu kilichofika ndani ya pipa au chupa. Kinywaji cha nchi kilikuwa kingine: pwani tembo lililogemwa mnaziní, bara pombe ya ndizi, ya mtama au ya uwele. Kila nchi ilikunywa kile ambacho udongo wake uliweza kutoa.

Basi, kuzaliwa kwa divai katika nchi ya Ugogo, katikati ya Tanzania, ni jambo linalostahili kuchunguzwa. Ugogo iko takriban nyuzi 6 kusini ya ikweta, juu ya uwanda ulioinuka kiasi cha mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Upande wa mashariki, milima ya Ukaguru na Usagara huzipokea kwanza pepo zitokazo Bahari ya Hindi, na huko huanguka sehemu kubwa ya mvua. Dodoma hupata kiasi cha milimita 570 tu kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni ya jua, upepo na vumbi.

Hata jina la Dodoma ni habari ya udongo. Kwa masimulizi ya Wagogo, limetokana na neno idodomya, lenye maana ya kuzama, kwa kuwa ndovu alikwama katika tope alipokwenda kunywa maji. Mabondeni, kwa hakika, kuna udongo mzito wa mfinyanzi unaoshika maji. Lakini miinuko imefunikwa na udongo mwekundu na wa kichanga, uliotokana na kuchakaa kwa miamba migumu ya itale, na maji hupita humo upesi.

Nchi ya namna hii ilijulikana zaidi kwa njaa. Ile iitwayo Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920, iliua watu wengi sana. Ukame ulikuwa sababu moja. Sababu ya pili ilikuwa vita vya 1914 hadi 1918, ambamo majeshi yalichukua nafaka, mifugo na wapagazi. Njaa hiyo yaonyesha kwamba mvua peke yake haitoshi kueleza maisha ya wenyeji. Jambo hilo yafaa kukumbukwa katika habari ya zabibu pia.

Mizabibu ilipandwa na mapadre wa Kikatoliki huko Bihawana, karibu na mji wa Dodoma, na mwaka unaotajwa sana ni 1957. Haja yao ilikuwa ya ibada, kwani Misa yahitaji divai ya zabibu. Kutoka misheni mmea ulienea kwa wakulima, na vijiji kama Mpunguzi, Mvumi na Hombolo vikajulikana kwa zao hilo.

Kanuni ya kale ya wataalamu ilisema kwamba divai ni mali ya nchi zilizo kati ya nyuzi 30 na 50 kutoka ikweta, kama Ufaransa na Italia. Huko baridi huulaza mzabibu kila mwaka, na majira ya kuchipua huuamsha. Mavuno ni mara moja. Ugogo haina baridi ya kuulaza mti. Mkulima hushika kisu na kuupogoa, nao huchipua upya. Baada ya miezi minne hivi vichala huwa vimeiva. Hivyo Dodoma huvuna mara mbili: Februari na Machi, tena Agosti na Septemba.

Lakini mavuno hayo mawili hayalingani. Zabibu za masika huivia mvuani. Maji huzijaza, sukari yake hupungua nguvu, na ukungu huziandama. Zabibu za kiangazi huivia katika hewa kavu na jua lisilokatizwa, nazo hukusanya sukari ambayo katika uchachukaji hugeuka kuwa kileo. Mwinuko wa nchi hufanya kazi nyingine. Joto jingi huuteketeza uchachu wa tunda, na divai isiyo na uchachu huwa tepetepe kinywani. Lakini usiku wa Juni na Julai katika uwanda huo una ubaridi, na sehemu ya uchachu husalimika. Udongo wa kichanga nao huilazimisha mizizi kwenda chini kutafuta maji, na mti hautumii nguvu zake zote katika kuzaa majani. Ukavu ule ule unaoinyima nafaka maji ndio unaoipa zabibu utamu wake.

Hata hivyo mzabibu hauishi kwa ukavu mtupu. Mahali maji ya ardhini yanapopatikana, kama Makutupora, ambako visima vyake vimeunywesha mji wa Dodoma kwa miaka mingi, kilimo chake huwa na uhakika zaidi. Huko Makutupora kimewekwa kituo cha utafiti wa zabibu, na jina la mahali hapo limepewa aina ya zabibu nyekundu inayopandwa sana na wakulima wa Dodoma. Zipo pia aina za kigeni kama Chenin Blanc na Syrah.

Tofauti moja kati ya mtama na zabibu ndiyo yenye uzito mkubwa kuliko zote. Mtama hukaa ghalani na kumngojea mwenyewe siku ya dhiki, zabibu haikai. Ikikatwa mtini, siku chache tu huiharibu, na mkulima asiye na mnunuzi hana akiba wala chakula. Kiwanda cha umma, Dowico, kilikuwa mnunuzi mkubwa. Kilipodhoofika na kufungwa, wakulima wengi waliiacha mizabibu yao. Viwanda vya watu binafsi vilivyofuata vilifufua zao hilo, lakini mashaka ya soko hayakwisha, na miaka kadhaa zabibu zimeozea shambani katika nchi iliyowahi kufa kwa njaa.

Kwa hiyo tabia ya nchi, udongo na mwinuko vyaeleza kwa nini divai ya Dodoma iko na kwa nini ladha yake iko kama ilivyo. Havielezi kama itaendelea kuwako. Maneno zabibu, mvinyo na divai yaliingia katika Kiswahili kwa njia ya bahari, pamoja na bidhaa za watu wengine. Katika Ugogo, kwa mara ya kwanza, yamekuwa majina ya kitu kinachotoka katika ardhi ya wasemaji wenyewe. Maana hiyo mpya itadumu maadamu aliyepogoa mti ana njia ya kuishi kwa tunda lake. Akiung'oa, divai itarudi kuwa jina la kitu kilichomo ndani ya chupa ya mgeni.