Sampuli ya Kuotesha Kuvu

Sampuli ya kuotesha kuvu ni kiasi kidogo cha mwili wa mgonjwa au cha majimaji yake (magamba ya ngozi, visiki vya nywele, unga wa chini ya kucha, makohozi, maji ya uti wa mgongo) kinachochukuliwa ili kuvu iliyomo, kama imo, iwekwe kwenye chakula na kuachwa imee mpaka itambulike jina lake. Istilahi hii imeundwa kwa maneno matatu, na kila moja lina jirani anayegombea nafasi yake.

Neno la mwisho ndilo lenye majirani wengi. Katika kliniki za Kyela, kama kwingineko Tanzania, mgonjwa husema ana fangasi, na mhudumu humjibu kwa neno hilohilo. Fangasi, katika usemi huo, ni ugonjwa zaidi kuliko kiumbe: mtu "ana fangasi za miguu", krimu ni "dawa ya fangasi". Vitabu vya biolojia hutumia kuvu kwa maana ya kiumbe chenyewe, kundi linalojumlisha uyoga, hamira na ukungu wa mkate. Ukungu peke yake haufai maabara, kwa kuwa ndio pia unaofunika milima ya Livingstone asubuhi. Mgawanyo wenye manufaa ni kuacha fangasi iwe lalamiko la mgonjwa na kuvu iwe kile kinachotafutwa kwenye sampuli, maana malalamiko mengi ya fangasi huishia kuwa pumu ya ngozi au mzio wa sabuni.

Kuotesha ni neno ambalo wafanyakazi wa maabara walilichukua shambani, na walichagua vizuri. Tafsiri za mashine za neno la Kiingereza "culture" huleta "utamaduni wa kuvu" na "utamaduni wa mkojo", na msomaji hubaki akijiuliza mkojo una mila gani. Kitenzi -otesha, kinyume chake, kinabeba masharti yote ya kazi. Mkulima anayeotesha miche ya mpunga kitaluni anahitaji mbegu iliyo hai, kitalu kisichosongwa na magugu, na siku za kutosha kabla ya kuhukumu kwamba mbegu haikuota. Sampuli ya kuvu ina masharti hayohayo: kuvu ifike hai, bakteria wasiitangulie, na maabara isikate tamaa mapema. Kosa la lugha la kuangalia ni moja. Wodini husikika "kuotesha mkojo" au "kuotesha makohozi", ilhali kinachooteshwa ni vimelea vilivyomo. Ufupisho huo hauna madhara mdomoni, lakini kwenye fomu ni heri kuandika "makohozi, kuotesha kuvu", kwani maabara hutumia njia moja kwa bakteria wa kawaida, nyingine kwa kifua kikuu na nyingine kwa kuvu.

Jirani wa sampuli ni kipimo, neno lililobebeshwa mizigo mingi hospitalini. Kipimo ni uchunguzi wenyewe, ni kiasi cha dawa, na kwa wengi ni jibu. Mama anayeambiwa mwanawe "amechukuliwa kipimo" anaweza kungoja benchini akitarajia jibu mchana huo. Akiambiwa kwamba imechukuliwa sampuli na kwamba uoteshaji huenda wiki kadhaa, anajua arudi lini.

Tambarare ya Kyela ina kila kitu ambacho kuvu za ngozi hupenda. Iko kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, kiasi cha meta 500 tu juu ya usawa wa bahari. Mvua ni nyingi, joto halipungui sana, na mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushusha maji ya milimani kwenye mbuga ambamo mpunga hulimwa. Kata ya Mbugani, mjini Kyela, ina jina linalotaja ardhi ya aina hiyo. Mkulima hushinda na miguu majini, ngozi kati ya vidole hulainika na kupasuka. Watoto hupata mapunye kichwani na choa mwilini. Vijana hupata mba, madoa meupe au ya kahawia kifuani na mgongoni. Wengi wao hawahitaji kuoteshewa chochote. Jicho lenye mazoea, pamoja na hadubini na tone la potasiamu haidroksidi ya asilimia 10 hadi 20, ambayo huyeyusha magamba na kuacha nyuzi za kuvu zikionekana, hutosha kuanza tiba. Uoteshaji una nafasi pale dawa iliposhindwa, pale kucha zinapotaka vidonge vya miezi, pale mapunye yanapoenea darasani, na pale kuvu inaposhukiwa kuingia ndani ya mwili wenye kinga dhaifu.

Sampuli ya ngozi inaharibika zaidi kabla ya kuchukuliwa kuliko baada yake. Aliyejipaka krimu ya klotrimazoli hadi jana yake hutoa magamba yenye kuvu iliyokufa: hadubini itaiona, kisahani cha kuoteshea hakitaotesha kitu. Ndiyo maana sampuli huchukuliwa kabla ya tiba, au krimu husimamishwa kwa wiki moja au mbili. Vidonge huhitaji muda mrefu zaidi. Krimu za mchanganyiko zenye steroidi, zinazouzwa madukani kwa kila aina ya muwasho, huleta tatizo la namna nyingine: hutuliza wekundu na kufuta ule ukingo wa choa ambao mchukuaji wa sampuli angeulenga.

Ukingo huo ndio kiini cha kazi. Choa hukua kwa kusambaa kutoka katikati, hivyo kuvu hai iko pembeni, penye magamba na uvimbe kidogo, wala si katikati panapoonekana kupona. Mahali hapo husafishwa kwa spiriti ya asilimia 70 ili kuondoa mafuta, vumbi na bakteria, kisha huachwa pakauke kabisa. Mchukuaji hukwangua kwa kijembe butu au kwa ukingo wa slaidi ya kioo, kutoka ndani kwenda nje, mpaka magamba yadondoke kwenye karatasi nyeusi iliyokunjwa katikati. Weusi wa karatasi una sababu: magamba ni meupe na mepesi kiasi kwamba kwenye karatasi nyeupe mtu hawezi kujua kama amepata ya kutosha. Na ya kutosha maana yake ni kwa kazi mbili, hadubini na kuotesha. Karatasi hukunjwa mara kadhaa, hutiwa kwenye bahasha, basi. Chupa ya plastiki yenye kifuniko huonekana ya kitaalamu zaidi, lakini hufungia unyevu, na unyevu huwapa bakteria nafasi ya kujaza kila kitu. Kijiti cha pamba nacho hakifai ngozi kavu, kwa kuwa nyuzi zake hubaki na magamba yote. Kazi yake ni mdomoni na ukeni, ambako hutafutwa kuvu iitwayo kandida.

Nywele zina ujanja wake. Katika mapunye, nywele ndefu isiyokatika si lazima iwe na kuvu. Inayotakiwa ni kisiki kilichokatika karibu na ngozi, wakati mwingine kinachoonekana kama nukta nyeusi tu. Kisiki hung'olewa kwa kibano pamoja na mzizi wake. Kukata nywele kwa mkasi ni kupeleka sehemu isiyo na kuvu. Lakini wanafunzi wa shule za msingi hunyolewa, na kibano hakipati cha kushika. Hapo mswaki mpya, safi, hupigwa kichwani mara kadhaa kwa duara, kisha nywele zake za plastiki hubonyezwa moja kwa moja kwenye kisahani. Njia hii haiumi, na mtoto halii, jambo ambalo si dogo mtu akiwa na darasa zima mbele yake.

Faida ya kujua jina la kuvu huonekana hasa katika mapunye. Afrika Mashariki spishi zinazokutwa mara nyingi ni pamoja na Trichophyton violaceum na Microsporum audouinii. Ya pili hung'aa kijani chini ya taa ya Wood, yaani taa ya miale ya urujuanimno. Ya kwanza haing'ai, hivyo taa peke yake humwacha mtoto mgonjwa akihesabiwa mzima. Tiba nayo hutofautiana: terbinafini hufanya vizuri zaidi kwa Trichophyton, griseofulvini kwa Microsporum. Kuvu zote mbili hutoka kwa watu, si kwa paka wala mbwa, na kwa hiyo wanaolala na mtoto mgonjwa chumba kimoja wanapaswa kuangaliwa pia.

Kwa kucha, ncha ya nje hukatwa na kutupwa, kisha hukwanguliwa unga wa chini, karibu iwezekanavyo na mpaka wa sehemu iliyo nzima. Mba hauna haja ya kupelekwa kuoteshwa: kuvu yake, Malassezia, hudai mafuta na haioti kwenye midia (chakula cha kuoteshea) ya kawaida. Kipande cha selotepu kikibandikwa juu ya doa, kikabanduliwa na kuwekwa kwenye slaidi, hutosha.

Sampuli za ndani ni jambo jingine, kwa kuwa hapo kuchelewa huua. Maji ya uti wa mgongo, mililita 3 hadi 5, huchukuliwa na daktari na kupelekwa maabara papo hapo bila kupitia friji. Kuvu iitwayo Cryptococcus huonekana humo kwa wino wa India au, kwa uhakika zaidi, kwa kipimo cha antijeni, na uoteshaji huthibitisha. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya kwanza ya kuvu hatari ya mwaka 2022, liliiweka Cryptococcus neoformans katika kundi la juu kabisa. Makohozi yawe ya alfajiri na yatoke kifuani, si mate. Nyama iliyokatwa iwekwe kwenye maji safi ya chumvi ya hospitali. Ikitiwa kwenye fomalini, hakuna tena cha kuotesha.

Kutoka Kyela hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ni zaidi ya kilometa 100 za kupanda kupitia Tukuyu. Bahasha ya magamba huivumilia safari hiyo vizuri, hata ikichelewa siku kadhaa, mradi isiachwe juani kwenye dashibodi. Haihitaji barafu, na baadhi ya kuvu za ngozi huumizwa na baridi. Juu yake huandikwa namba au jina la mgonjwa, tarehe, mahali sampuli ilipotoka mwilini na dawa alizotumia.

"Mahali ilipotoka" si urasimu. Midia ya kuoteshea kuvu inaitwa kwa jina la Raymond Sabouraud, daktari wa ngozi wa Paris aliyechapisha kitabu chake kikubwa kuhusu mapunye mwaka 1910. Ni agari yenye sukari na uchachu kidogo, na kwa kawaida huongezwa kloramfenikoli ya kuzuia bakteria. Kwa ngozi, nywele na kucha huongezwa pia sikloheksimidi, inayozuia kuvu za vumbi. Dawa hiyohiyo huzuia Cryptococcus na Aspergillus. Sampuli ya uti wa mgongo ikikosewa kisahani kwa sababu fomu haikusema ilikotoka, haitaota kitu, na mgonjwa ataonekana hana ugonjwa.

Visahani hukaa kwenye nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi na kukaguliwa mara kwa mara. Kandida huota ndani ya siku chache; Trichophyton violaceum huchukua wiki tatu kutoa koloni dogo la zambarau. Jibu hasi kwa hiyo husubiri wiki 4, na huandikwa "hakuna kuvu iliyoota baada ya wiki 4", si "hana fangasi". Hadubini ikiwa iliona nyuzi na kisahani kikabaki kitupu, huulizwa dawa alizotumia mgonjwa, kisha sampuli huchukuliwa upya.