Ruhusa ya Kujenga Kando ya Ziwa: Baraka na Lusenda

Mwezi Juni 2013 karatasi mbili zilitiwa saini Kinshasa, na zote mbili ziliigusa Baraka, kwenye pwani ya Ziwa Tanganyika. Tarehe 13, amri ya Waziri Mkuu iliipa hadhi ya mji, ikaitoa katika orodha ya sentere ndogondogo za teritwari ya Fizi. Tarehe 26, waziri mwenye dhamana ya mipango miji alitoa agizo jipya kuhusu vibali vya ujenzi kwa nchi nzima. Mwaka 2015, kaskazini mwa Baraka kwenye barabara ya Uvira, kambi ya Lusenda ilifunguliwa kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi. Kambini, viwanja vilipimwa kabla watu hawajakaa. Mjini, ambako sheria ya vibali ina nguvu zote za maandishi, watu wengi wamejenga kwanza, karatasi ikawafuata baadaye ikiwa na sura ya faini. Tofauti hiyo haitokani na ubishi wa raia, wala haikuanza 2013. Kibali cha ujenzi pwani ya Fizi kinafanya kazi vibaya kwa sababu kilirithiwa kutoka utawala uliotaka kujua ardhi ni ya nani, na haukujali sana nyumba itakaa wapi.

Kuomba ruhusa si jambo geni huku. Kwa Wabembe ardhi ilikuwa ya ukoo, na mgeni aliyetaka kukaa alikwenda kwa wazee, akapewa mahali, akawa mtu wa hapo. Wafugaji wanaopitisha ng'ombe wao Fizi hutoa itulo, yaani ushuru wa malisho, kwa machifu hata katika miaka yetu hii, na ugomvi unaozuka juu yake huwa ni kuhusu nani apokee na kiasi gani. Mabadiliko makubwa yalikuja tarehe 1 Julai 1885, pale Dola Huru ya Kongo ya Leopold wa Pili ilipotangaza kwamba ardhi zote tupu ni mali ya dola. Neno tupu lilibeba mengi: shamba lililopumzishwa, msitu wa uwindaji, malisho, vyote vilionekana vitupu machoni pa karani asiyemjua mwenyewe. Mwaka 1928 Kamati ya Taifa ya Kivu, CNKi, ilipewa mamlaka ya kugawa ardhi ya jimbo hili kwa walowezi na makampuni. Kisha ikaja sheria ya mipango miji ya tarehe 20 Juni 1957, ambayo kwa miongo mingi ilitajwa kama msingi wa vibali nchini Kongo. Iliandikwa miaka mitatu kabla ya uhuru, kwa kuifikiria miji yenye ramani na wahandisi. Wakati huo Baraka ilikuwa bandari ya mitumbwi na soko la samaki na muhogo. Haikuwa mji kisheria, na haikuwa na ramani ambayo ombi la mtu lingeweza kulinganishwa nayo.

Uhuru haukuligeuza jambo hili. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema udongo wote ni mali ya dola, milele, na kwamba haki ya mtu juu ya kiwanja inathibitishwa na cheti cha usajili. Kuhusu ardhi ambazo jamii zinazikalia kwa desturi, kifungu cha 389 kiliahidi kwamba Rais atatoa amri ya kuzipangia haki zake. Amri hiyo haikutolewa. Hebu fikiria maana yake kwa mtu wa Lusenda au Baraka: mzee wa ukoo anauza kiwanja ambacho sheria inasema si chake, mnunuzi anakwenda kuomba kibali cha kujenga juu ya kitu ambacho hana cheti chake, na cheti chenyewe kinasubiri msajili, mpima ardhi na safari. Kutoka Baraka hadi Bukavu, makao makuu ya mkoa, ni zaidi ya kilomita 200 za barabara mbovu. Februari 2025 Bukavu ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23, serikali ya mkoa ilihamia Uvira. Faili zinazotegemea mji mmoja hupatwa na yanayoupata mji huo.

Wakubwa wa ofisi wana jibu lao: watu hawapendi sheria, wanakwepa kulipa. Ushahidi hausemi hivyo. Kiwanja kinapouzwa huku, karatasi huandikwa. Muuzaji na mnunuzi hutia saini au alama ya kidole, mashahidi wa pande mbili hutajwa, majirani wa mipaka huitwa, na shefu wa avenyu au wa kartie hupiga muhuri na kuchukua chake. Atakaye uthabiti zaidi hutafuta fishi ya parseli, yaani karatasi ya utambulisho wa kiwanja. Watu wanaolipia karatasi yenye nguvu ndogo mahakamani hawawezi kuitwa watu wanaoikimbia karatasi. Wanachokwepa ni ofisi ambayo haiwezi kuwaambia, hata baada ya kupokea ada, kama barabara itapita nyuma ya nyumba au katikati ya sebule. Hoja kwamba karatasi ya shefu haiwezi kuwa msingi wa sheria nayo ni dhaifu. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 iliruhusu hati za hakimiliki ya kimila zitolewe na kijiji chenyewe. Hati hizo zina matatizo yake, lakini dola ilikubali kuanzia pale watu walipo.

Jibu la pili, kwamba vita ndiyo sababu, lina uzito zaidi. Fizi ilikuwa kitovu cha uasi wa Simba mwaka 1964. Mwaka uliofuata Che Guevara alipiga kambi katika milima ya ziwa hili, na mamluki wa Mike Hoare wakateremka Baraka kutoka majini. Laurent-Désiré Kabila aliweka maskani ya chama chake, PRP, katika milima ya Fizi kwa miaka mingi. Kisha vita ya 1996 ikafagia pwani nzima, watu wakavuka hadi Nyarugusu na Lugufu upande wa Kigoma. Walipoanza kurudi kwa meli kutoka 2005, wengi walikuta mwingine amejenga au ameuza. Hakuna daftari linalostahimili hayo yote bila kuchanika. Lakini vita inaeleza kwa nini daftari lilipotea, haielezi kwa nini halikuandikwa miaka ya amani, wala kwa nini baada ya 2013 mji ulipata hadhi yake kabla ya ramani. Na waliorudi ndio waliohitaji mipango kuliko wote, maana walikuja kwa makundi, kwa orodha zenye majina, wakishukia bandari inayojulikana. Nafasi ya kupima ilikuwepo.

Hapo ndipo Lusenda inapofundisha. Msukosuko wa Bujumbura, Burundi, ulipoanza Aprili 2015, kambi ilijaa upesi hadi watu karibu 30,000, na mwaka 2017 eneo la Mulongwe likafunguliwa kupunguza msongamano. Kanuni za kimataifa za kambi zinataka mita za mraba 45 kwa kila mtu pamoja na njia na huduma, na ukanda wazi wa mita 30 kila baada ya mita 300 za nyumba ili moto usivuke. Lusenda iliyofurika ilikuwa mbali na vipimo hivyo vizuri. Hata hivyo kila familia ilijua namba ya eneo lake, bomba na choo vilikuwa na mahali pake. Mtu atasema kambi ina fedha za HCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, na mkimbizi hamiliki chochote, hivyo hakuna wa kubisha. Ni kweli, na sitamani mji uendeshwe kama kambi. Ila sehemu inayostahili kuigwa haikuwa ya gharama: kamba, vigingi, na mpangilio wa kutangulia kupima kabla ya kugawa. Hayo sekta ya Tanganyika na sekta ya Mutambala zingeweza kuyafanya na wazee wa koo bila kusubiri Kinshasa.

Ziwa lenyewe halisubiri. Tanganyika lilipanda hadi likatoboa njia ya Lukuga miaka ya 1870, likapanda tena miaka ya 1960, na kuanzia 2020 hadi 2024 maji yameingia majumbani Uvira na Baraka. Mstari wa maji hayo unajulikana, watu waliohama wanaweza kuuonyesha kwa kidole. Meya wa Baraka na mashefu wa kartie wauchore mstari huo sasa, waubandike ukutani komuni, na wakatae kuuza au kugonga muhuri wa kiwanja chochote kilicho chini yake. Ada za vibali zianze kudaiwa baada ya ramani hiyo kuonekana.