Dhamiri, Mamlaka ya Kanisa na Wokovu: Kisa cha Franz Jägerstätter, 1938–2007

Mafundisho ya Kanisa Katoliki humtaka muumini aisikilize dhamiri yake na papo hapo awatii viongozi wake wa kiroho. Kwa kawaida sauti hizo mbili huenda pamoja. Tatizo huzuka zinapotengana, hasa pale ambapo uhai wa mtu, riziki ya familia yake na wokovu wa roho yake vyote vimo mizanini. Makala hii inalichunguza tatizo hilo kupitia kisa cha Franz Jägerstätter, mkulima wa kijiji cha St. Radegund nchini Austria, aliyeuawa mwaka 1943 kwa kukataa kulipigania jeshi la Hitler. Inadai kwamba Jägerstätter hakuipinga mamlaka ya Kanisa, bali aliyashika mafundisho yake kwa uthabiti kuliko baadhi ya waliomfundisha.

Mamlaka yenyewe haikuwa na kauli moja. Mwaka 1937 Papa Pius XI alitoa waraka *Mit brennender Sorge*, uliolaani itikadi ya kulifanya taifa na asili ya damu kuwa miungu. Mwaka uliofuata, mwezi Machi, maaskofu wa Austria walitoa tamko la kukubali nchi yao iunganishwe na Ujerumani. Katika kura ya tarehe 10 Aprili 1938, Jägerstätter alikuwa mtu pekee kijijini mwake aliyepiga kura ya hapana. Kwake yeye, haikuwezekana mtu kuwa Mkatoliki na kuwa mfuasi wa Hitler kwa wakati mmoja.

Baada ya kupata mafunzo ya kijeshi na kurejeshwa shambani mwaka 1941, aliamua kwamba akiitwa tena hatakwenda kupigana. Alitafuta ushauri kwa mapadre, kisha kwa Askofu Joseph Fliesser huko Linz. Askofu alimkumbusha wajibu wake kwa mke na watoto, na kumweleza kwamba raia wa kawaida habebi dhima ya maamuzi ya watawala. Ushauri huo haukuwa wa kubuni. Ulitokana na fundisho la muda mrefu kwamba raia asiye na hakika juu ya uhalali wa vita anaweza kumwachia mtawala hukumu hiyo.

Hata hivyo, fundisho hilo lilimhusu mwenye shaka, na Jägerstätter hakuwa na shaka. Kwa mtu wa namna hiyo, mapokeo ya Kanisa yalikuwa na jibu jingine: Thoma wa Akwino alifundisha kwamba kutenda kinyume cha dhamiri ni dhambi, hata pale dhamiri inapokosea. Basi swali la mkulima huyo halikuwa tu kama vita ni halali. Lilikuwa kama roho yake ingeokoka kwa kutenda jambo aliloamini kuwa ni ovu, kwa kuwa tu wengine wamemruhusu. Hakuwahukumu maaskofu wala majirani walioenda vitani. Alichokataa ni kumkabidhi mtu mwingine hesabu ambayo yeye mwenyewe angeitoa mbele ya Mungu.

Mwezi Machi 1943 aliripoti kambini Enns na kutangaza kukataa kwake. Alijitolea kuwahudumia majeruhi, lakini hilo halikukubaliwa. Alihukumiwa kifo mjini Berlin tarehe 6 Julai na kukatwa kichwa Brandenburg tarehe 9 Agosti 1943, akimwacha mkewe Franziska na mabinti watatu wadogo. Gharama ya dhamiri yake ililipwa pia na familia: kwa miaka kadhaa baada ya vita, mjane huyo alinyimwa pensheni waliyopewa wajane wa askari.

Kisa hicho kilipata uzito mpya katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Mwaka 1965 Thomas Roberts, aliyewahi kuwa Askofu Mkuu wa Bombay, aliwakumbusha mababa wa Mtaguso habari za mkulima huyo. Hati ya *Gaudium et Spes*, iliyotangazwa tarehe 7 Desemba mwaka huo, iliitambua dhamiri kuwa mahali patakatifu ambapo binadamu yuko peke yake na Mungu, na ikataka sheria za nchi ziwajali kiutu wanaokataa kubeba silaha kwa sababu ya dhamiri, mradi wakubali kuitumikia jamii kwa njia nyingine. Hiyo ndiyo nafasi aliyoiomba Jägerstätter akanyimwa.

Mwaka 1997 mahakama ya Berlin ilitengua hukumu yake, na tarehe 26 Oktoba 2007 alitangazwa Mwenye Heri katika kanisa kuu la Linz, jimbo lile lile ambalo askofu wake alikuwa amemshauri vingine. Kanisa halikufundisha kwa tendo hilo kwamba kila dhamiri ni sahihi, kwani linaendelea kusisitiza kuwa dhamiri sharti ilelewe. Lilikiri, hata hivyo, kwamba utii hauondoi dhima ya mtu binafsi. Kwa watunga sera, funzo ni bayana: sheria isiyomwachia mwenye dhamiri njia nyingine ya utumishi humlazimisha kuchagua kati ya kifo na kile anachokiona kuwa upotevu wa roho yake.