Mabinti Wetu na Masomo ya Ufundi

Wazee wetu wakumbuka: zamani za Wabeleji mvulana alitumwa kujifunza useremala, uashi na mekaniki, binti alipelekwa kwa masista kushona, kupika na kulea watoto. Sophie Kanza, mwanamke wa kwanza wa Kongo kumaliza sekondari, aliimaliza mwaka 1961 tu, kisha Lovanium mwaka 1964. Mwaka 1977 Serikali ililirudishia Kanisa uongozi wa shule zilizotwaliwa mwaka 1974, lakini desturi ile haikuondoka. Hata leo, hapa Ndosho, binti apenda umeme, nasi wazazi twamwandikisha kushona. Franka za masomo ni chache, twasema, na fundi ni mwanamume. Lakini baada ya moto wa Nyiragongo, mwaka 2002, kina mama walibeba mawe ya kujengea, wala hatukuwaambia kwamba kazi ile si yao.